Jina Linabaki kwa Nani? Kupanda na Kuvunjika kwa Orchestra Super Mazembe

Mwishoni mwa 2024, wiki za kuelekea Noeli, simu za darasa letu zilijaa video za kutoka Nairobi. Vijana wa Kenya walikuwa wanacheza wimbo wa zamani wa rumba, wanacheka, wanaandika jina moja kila mahali: Kasongo. Walikuwa wamempachika Rais wao, William Ruto, jina hilo kwa utani, na wimbo uliolileta una umri wa karibu miaka hamsini. Mwenzangu mmoja akatamka katika ukumbi wa masomo, kwa sauti ya mtu asiyetegemea kupingwa, kwamba hao Wakenya wanajua muziki. Nikamwambia wimbo ni wa Wakongo. Akakataa. Nikamuuliza wanaimba kwa lugha gani. Akasikiliza tena, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Lingala. Lakini Lingala ya Nairobi."

Jioni hiyo nilimpelekea kambo simu, huko Musonoi anakokaa tangu alipokuwa fundi wa umeme. Hakusubiri hata sauti za waimbaji ziingie. Magitaa yalipoanza tu akasema: "Ile ni Mazembe. Bana ya kwetu. Balienda ku Nairobi, bakabakia kule kule." Halafu akaniomba nirudishe mwanzo.

Makala haya ni jibu langu kwa mwenzangu yule, ila kwa utaratibu kidogo. Nitaeleza bendi hii ilivyopanda na ilivyovunjika, lakini mimi si mwanamuziki, ninasoma isimu. Kwa hiyo msomaji anisamehe nikikaa mno kwenye majina na upatanisho wa sarufi. Nimegundua kwamba huko ndiko historia yenyewe ilikojificha.

Bendi ilianza 1967 kwa jina la Super Vox, chini ya kiongozi Mutonkole Longwa Didos. Mwaka huo si wa kawaida kwetu sisi wa ukanda wa shaba. Ndio mwaka ambao mali ya Union Minière, kampuni iliyoanzishwa 1906, ilichukuliwa na serikali na baadaye ikawa Gécamines. Ndio mwaka ambao timu ya mpira ya Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Englebert, ilichukua ubingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza. Kambo anauita mwaka wa mishahara. Kazi ilikuwapo, na palipo na mshahara wa mwisho wa mwezi pana baa, na palipo na baa wanatafutwa watu wa kupiga gitaa.

Magitaa yenyewe hayakuanza siku hiyo. Kizazi kimoja nyuma yake, Mwenda Jean-Bosco na Edouard Masengo walikuwa wamelifanya gitaa la Katanga lijulikane mbali. Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, akiwa Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Wote wawili walifika Nairobi kabla ya kina Didos na wakapendwa huko kiasi kwamba matangazo ya biashara yaliwahitaji: Mwenda aliimbia vidonge vya Aspro, Masengo soda ya Coca-Cola. Basi njia ya mashariki ilikuwa imekwisha kupitika. Mwanamuziki wa Kinshasa akitafuta ulimwengu anatazama Brazzaville, Brussels, Paris. Mwanamuziki wa Katanga alikuwa na mpaka wa Kasumbalesa karibu na Lubumbashi, halafu Zambia, halafu Tanzania, halafu Kenya, na njia nzima hiyo ana kitu mfukoni ambacho mwenzake wa Kinshasa hana: Kiswahili. Kiswahili kilichochongwa kambini, ndiyo, lakini kinaeleweka dukani na polisi.

Hawakuwa peke yao. Baba Gaston, jina lake Ilunga, mzaliwa wa Likasi, alihamia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuingia Nairobi 1975 pamoja na bendi yake, Baba National. Super Vox walikuwa wamemtangulia kwa mwaka mmoja. Walifika Nairobi 1974, na hapo wakajivua jina la Super Vox na kuvaa jingine: Orchestra Super Mazembe.

Wanafunzi wa Kolwezi wakisikia Mazembe wanawaza mpira. Bendi ilieleza jina lake kwa namna nyingine: ni mashine kubwa zile za kusomba udongo. Nani hapa anahitaji kuelezwa? Tunalala tukizisikia. Mashine inayohamisha kilima kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine ni sehemu ya mazingira yetu kama mwembe wa jirani. Lakini jina hilo lilipofika kwenye masikio ya Pwani lazima lilichekesha, kwa maana mtu wa Mombasa anajua uzembe na mzembe, na kiambishi *ma-* kwake mara nyingi hukuza au hudharau. "Mazembe wakuu" si sifa nzuri. Hata hivyo jina lilishika. Lilikuwa na uzito wa chuma, na muziki wao nao ulikuwa mzito hivyo: besi iliyosimama imara, magitaa yanayoingiliana juu yake, sauti za waimbaji zikienda pamoja.

Nieleze kidogo bendi kama hii ilivyofanya kazi, kwa sababu bila hapo kuvunjika kwake hakueleweki. Bendi ya dansi ya miaka ya 1970 ilikuwa na watu kumi au zaidi: waimbaji watatu au wanne, gitaa la solo, la ridhimu na mara nyingi la kati kati yao, besi, ngoma, wapulizaji. Usiku wanapiga klabuni kwa saa nyingi, mchana wanafanya mazoezi, siku nyingine wanaingia studio. Nairobi ilikuwa na studio na kiwanda cha kukandamiza santuri, kwa hiyo wimbo uliorekodiwa Jumatatu uliweza kufika madukani bila kupanda ndege kwenda Ulaya. Santuri ndogo ya mizunguko 45 haikutosha wimbo mmoja wa dansi, basi wimbo ulikatwa katikati. Upande wa kwanza una maneno, taratibu, kisa kinasimuliwa. Unaigeuza santuri, na upande wa pili magitaa yanafunguka: sebene, ngoma inapanda, maneno yanapungua hadi kubaki vigelegele na majina ya watu. Kambo ananiambia kulikuwa na watu walionunua santuri kwa ajili ya upande wa pili peke yake, na upande wa kwanza ukabaki mpya kama siku ulipotoka dukani.

Vyombo vina mwenyewe. Huyu anaweza kuwa kiongozi wa bendi, mfanyabiashara, au mwenye klabu. Mwimbaji ana sauti yake tu, na mpiga gitaa ana vidole vyake tu. Siku wakigombana, mwenye vyombo anabaki na vyombo, mwimbaji anaondoka na mashabiki. Kuna kitu cha tatu ambacho hakiko wazi ni cha nani, nacho ni jina. Nitarudi hapo.

Mazembe walipanda haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 "Kassongo" ulikuwa unasikika Afrika Mashariki yote. Ni wimbo wa mke anayemsihi mume aliyeondoka arudi nyumbani, kwa Lingala. Kisha ukaja "Shauri Yako", kwa Kiswahili, wimbo ambao kwa asili ni wa Nguashi Ntimbo na bendi ya Festival du Zaire lakini Mazembe waliuimba hadi watu wakasahau mwenyewe. Kulikuwa na "Bwana Nipe Pesa" pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Virgin ya Uingereza ilitoa albamu yao *Kaivaska*, na kwa muda ilionekana kama njia ya kwenda London imefunguka, si kwao tu bali pia kwa Orchestra Makassy.

Swali linalonisumbua ni hili: kwa nini watu wa Katanga, waliozaliwa na Kiswahili mdomoni, wakihamia mji unaosema Kiswahili, waliimba sana Lingala?

Jibu la kambo ni fupi: "Lingala njo ya muziki, Swahili njo ya kazi." Nimelifikiria jibu hilo kwa miezi. Kiswahili kilienea kwetu kupitia kambi za madini. Union Minière ilikusanya watu kutoka Kasai, kutoka Rwanda na Burundi, kutoka ng'ambo ya mpaka wa kusini, na ikawapa lugha moja ya kupokelea amri na chakula. Johannes Fabian ameeleza vizuri jinsi lugha hiyo na utawala zilivyokwenda pamoja. Lingala ilikuja kwetu kwa njia nyingine, kwa jeshi na kwa redio, na redio ilikuwa na Franco na Kabasele ndani yake. Kwa mchimbaji wa Kolwezi wa 1967, Kiswahili kilikuwa sauti ya msimamizi wa asubuhi. Lingala ilikuwa sauti ya Jumamosi usiku.

Lakini nadhani Nairobi yenyewe iliongeza sababu ya pili. Huko kila muziki ulikuwa na kabila lake: benga ilinuka Ziwa, Wakikuyu walikuwa na wao, Wakamba na wao. Lingala haikuwa ya mtu yeyote Kenya. Mjaluo na Mkikuyu waliweza kuicheza pamoja bila mmoja kujiona mgeni katika nyumba ya mwingine. Kutoielewa kulikuwa sehemu ya raha. Hili lina gharama yake, kwani mtu akiimba kilio cha mke aliyeachwa na ukumbi mzima ukapokea kwa shangwe, kuna kitu kimepotea njiani. Ndiyo maana mwaka 2024 Kasongo aliweza kugeuka mwanasiasa: jina lilikuwa wazi, halijafungwa na kisa chake.

Na hilo jina Kasongo! Kwetu ni jina la kawaida mno; shuleni nilikuwa na wawili darasa moja. Tazameni majina ya bendi: Mutonkole Longwa, Kasongo wa Kanema, Bukasa wa Bukasa. Mtu wa hapa hahitaji kuuliza wametoka upande gani. Umbo lile la "fulani wa fulani" lina tarehe pia. Nchi iliitwa Zaire kuanzia Oktoba 1971, na mwaka uliofuata Mobutu akawaondolea wananchi majina ya Kikristo. Jean na Pierre wakaondoka kwenye vitambulisho, na nafasi yao ikajazwa na babu. Kambo alikuwa na jina la mtakatifu hadi siku moja hakuwa nalo tena. Mkoa wenyewe ulipoteza jina la Katanga, ukaitwa Shaba mpaka 1997, labda mahali pekee duniani palipopewa jina rasmi la madini kwa Kiswahili. Kwa hiyo bendi iliyofika Nairobi 1974 ilibeba uhalisia wa Mobutu kwenye majina ya waimbaji wake, hata kama wenyewe walikuwa wamemkimbia, au walikuwa wameufuata mkate tu.

Sasa nirudi kwenye swali la jina la bendi ni la nani.

Nimechukua majina ya bendi zilizogawanyika nikayachambua kama tunavyochambua kitenzi: shina liko wapi, viambishi viko wapi. Anzeni na Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter, iliyovuma Nairobi miaka hiyo hiyo. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki walitoka wakaunda Les Wanyika. Baadaye Issa Juma akawa na Super Wanyika. Shina ni moja, *Wanyika*, na kila kundi linalotoka linabadilisha kiambishi cha mbele tu. Ni kama ndugu wanaogawana shamba lakini hakuna anayekubali kubadilisha jina la ukoo. Les Wanyika ni johari ya kisarufi: *les* ya Kifaransa inaonyesha wingi, *wa-* ya Kiswahili inaonyesha wingi, na waliojipa jina hilo ni Watanzania na Wakenya wasio na haja yoyote na Kifaransa. Kwa nini basi? Kwa sababu *les* ilikuwa na harufu ya Kongo, na harufu ya Kongo iliuza santuri. Kibainishi cha lugha moja kimegeuka manukato katika lugha nyingine.

Kinshasa walifanya vivyo hivyo. Zaiko Langa Langa, iliyozaliwa tarehe 24 Desemba 1969, ilizaa Langa Langa Stars 1981 na Zaiko Familia Dei 1988. Kila mtoto alikata kipande cha jina la mama. Wenge Musica walipovunjika mwishoni mwa 1997, JB Mpiana alibaki na Wenge BCBG, Werrason akajitangaza Maison Mère, nyumba ya mama. Si kiambishi tena hicho, ni hati ya umiliki.

Rafiki yangu mmoja wa idara ya Kifaransa, anayependa kelele za muziki wa metali, alinionyesha kwamba jambo hili halina bara. Sepultura wa Brazil walipogawanyika Desemba 1996, Max Cavalera aliondoka na jina likabaki na wenzake. Yeye akaanza Soulfly kutoka sifuri. Legião Urbana, wa huko huko, waliacha kupiga 1996 Renato Russo alipofariki, lakini ugomvi wa nani ana haki ya kutumia jina uliendelea mahakamani hadi 2021, kati ya wanamuziki wawili waliobaki na mrithi wa marehemu. Miaka ya kesi kwa ajili ya maneno mawili.

Wanamuziki wa Katanga walioko Nairobi walivunjika kwa namna tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Mwaka 1976 wanamuziki wa Baba Gaston walimwacha karibu wote kwa pamoja. Hawakujiita Baba National wa pili, wala Les Gaston. Walijiita Les Mangelepa, shina jipya kabisa, na wakawa mashuhuri kuliko bendi waliyotoka. "Nyako Konya" na "Embakasi" bado zinapigwa Kenya. Lovy Longomba naye alipotoka Super Mazembe mwanzoni mwa miaka ya 1980, alibeba *Super* akaacha *Mazembe*. Bendi yake iliitwa Super Lovy. Kiambishi kimebaki, shina limekuwa jina la mtu.

Maelezo yangu ni haya, na walimu wangu wana ruhusa ya kuyabomoa. Wenge na Zaiko walikuwa nyumbani. Shina la jina lao lilikuwa na mtaa, na mashabiki waliokulia kwenye mtaa huo. Kuliacha ni kuacha watu. Mgeni mjini hana mtaa. Jina la Mangelepa lilizaliwa Nairobi na lingeweza kufa Nairobi bila mtu wa Likasi kujua. Lovy alikuwa na sababu ya ziada: jina Longomba lilikuwa zito kuliko Mazembe. Baba yake, Vicky Longomba, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa OK Jazz 1956. Kwa mtu wa ukoo huo, kujiita mwenyewe ni kudai urithi wa Kinshasa palepale Kenya.

Bendi yenyewe iliendelea bila Lovy, lakini upepo ulikuwa umegeuka. Mwaka 1980 redio ya taifa ya Kenya ilijaribu kuamuru kwamba robo tatu ya muziki inaopiga uwe wa Kikenya. Amri haikudumu, wasikilizaji walilalamika na wiki chache baadaye ikaachwa, ila ilikuwa imeshatamka neno ambalo halikuwahi kusemwa wazi hivyo: ninyi ni wageni. Kisha kaseti. Santuri hukandamizwa kiwandani. Kaseti hunakiliwa na kijana yeyote mwenye redio mbili na uzi wa kuziunganisha. Wimbo ulisikika kwenye kila matatu na mwimbaji hakuona senti. Halafu vibali vya kazi vikawa vigumu kwa wanamuziki wasio raia, na bendi ya watu kumi yenye watu wanne wasio na kibali si bendi, ni wasiwasi. Mwaka 1985 Super Mazembe ilikwisha.

Hadithi tunazopenda kuhusu bendi zinahitaji ugomvi: mwanamke, pesa zilizofichwa, mwimbaji aliyejiona mkubwa. Pengine hayo yalikuwapo. Lakini mimi naona makaratasi. Naona foleni ya ofisi ya uhamiaji na mtu aliyevaa suti ya jukwaani ameshika bahasha ya kaki.

Baadhi yao walihamia bendi nyingine. Kasongo wa Kanema aliimba na Virunga ya Samba Mapangala. Watoto pacha wa Lovy, Christian na Lovy mdogo, walikua Nairobi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaimba kama Longombas kwa Kiswahili cha mtaani cha Kenya, si Lingala wala Kiswahili cha Katanga. Shina lilibaki hapo. Lugha ilibadilika kabisa katika vizazi vitatu: babu kwa Lingala ya Kinshasa, baba kwa Lingala ya uhamishoni, watoto kwa Sheng. Kama kuna mwenzangu anayetafuta mada ya kazi ya mwisho, namwachia hiyo bure.

Mimi mada yangu imetoka kwenye "Shauri Yako".

Mwaka wa kwanza wa masomo, mwalimu mmoja alinirudishia insha yenye wekundu kila mstari. Niliandika "kitabu yangu", nikaandika "shauri yako". Pembeni alikuwa ameandika kwamba hicho si Kiswahili, ni kelele za sokoni. Sikumwonyesha kambo karatasi ile, ambaye hajasema kitu kingine isipokuwa kelele hizo kwa miaka themanini.

Kisarufi mwalimu alikuwa na hoja. *Shauri* liko ngeli ya 5, wingi *mashauri*, kwa hiyo Kiswahili sanifu kinadai *shauri lako*. Lakini sikilizeni watu. Mtanzania atasema *shauri lako* ukimuuliza, na akikasirika atasema *shauri zako*, kana kwamba neno limehamia ngeli ya 10 bila kuaga. Mkenya wa bara atasema *shauri yako*. Kwetu, *yangu* na *yako* zimemeza karibu vimilikishi vyote: *kitabu yangu, mutoto yangu, kazi yangu*. Hata Kiswahili sanifu kimeacha mlango wazi, maana kinasema *rafiki yangu* na *mama yangu*, watu kwa upatanisho wa ngeli ya 9, na hakuna anayewekewa wekundu kwa hilo. Kilichotokea Katanga ni kwamba tuliupita mlango huo na kuuacha wazi nyuma yetu.

Sisemi kwamba kila kitu ni sawa na kila kitu. Makala haya nimeyaandika kwa Kiswahili sanifu, na ninajua kwa nini: nataka yasomwe Dar es Salaam. Lakini nikiwa katika mwaka wangu wa kwanza, nikiwa na karatasi ile nyekundu mkononi, ingenisaidia sana mtu kuniambia kwamba kosa langu limeimbwa kwenye jukwaa la Nairobi, likauzwa kwa maelfu ya wanunuzi wa santuri, na kwamba Wakenya na Watanzania waliokuwa wakicheza hawakusimama kusahihisha ngeli. Kwa wale wanaouliza kama Kiswahili chetu kinaeleweka nje ya mkoa, jibu lilikwisha kutolewa zamani, na waliolitoa ni watu wenye majina kama ya jirani zetu.

Hapa Kolwezi siwasikii. Baa za Manika zinapiga Kinshasa na Nigeria. Kasulo, ambako watu wamechimba kobalti chini ya vitanda vyao, nimesikia nyimbo za Zambia kuliko za Mazembe. Nilipokuwa nikiandika haya nilipita nikiuliza madukani kama kuna mtu mwenye nyimbo zao kwenye simu; kijana mmoja aliniuzia nyimbo kumi na mbili kwenye kadi ya kumbukumbu, zote zimeandikwa "Kenya zamani".

Nilimpelekea kambo kadi hiyo Jumapili. Alisikiliza upande wa kwanza na wa pili, ingawa kwenye simu hakuna upande wa kugeuza, na mara mbili alinitafsiria Lingala bila kuombwa. "Shauri Yako" ulipofika nikaona ni nafasi yangu. Nikamuuliza, kwa sauti ya mwanaisimu aliyejiandaa, ni ipi iliyo sahihi: *shauri yako* au *shauri lako*.

Akanitazama muda mrefu, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Mwana yangu," akasema, "ile sasa ni shauri yako."